Isale Getini kwa Mama

Kila Desemba Wachaga hurudi nyumbani, na sisi ambao hatukuondoka ndio tunaochoka. Mimi ninakaa Soweto, Moshi mjini, na nina duka la mapazia Pasua. Kutoka dukani hadi kwa Mama mlimani si mbali, kwa hiyo ndugu zangu wa Dar es Salaam waliamua zamani, katika kikao ambacho sikuitwa, kwamba mimi nitamwangalia Mama na wao watamkumbuka. Wanamkumbuka vizuri sana. Wakati mwingine wananipigia simu kuniuliza kama na mimi ninamkumbuka.

Siku chache kabla ya Krismasi moja ya miaka hii ya karibuni, Mama alinipigia simu mchana nikiwa juu ya ngazi, napima dirisha la mteja. Mama hana kawaida ya kupiga simu mchana. Anaamini simu ya mchana ni ya msiba.

"Njoo," alisema. "Kuna mtu ameniomba msamaha."

"Nani?"

"Ningemjua ningekuita?"

Nilishuka kwenye ngazi, nikamwambia mteja nitarudi, nikapanda mlimani. Njiani magari ya Dar yalikuwa yamejaa, kila moja limebeba godoro juu, sijui kwa nini, maana magodoro huku yapo.

Nilikuta geti la Mama limefungwa kwa jani la isale. Hapa lazima nieleze, kwa sababu siku hizi hata watoto wetu wenyewe wanadhani isale ni ua la kupigia picha. Ni mmea wenye majani marefu ambao tunaupanda mipakani na makaburini. Mchaga akikukosea, akataka yaishe, hukuletea jani la isale lililofungwa fundo, na ukishalipokea huna ruhusa ya kukataa. Kununa unaweza, hakujakatazwa, lakini kukataa huwezi. Watu wamesameheana mambo mazito kwa jani hilo, mambo ambayo mahakama ya mjini ingeyaahirisha mpaka mashahidi wote wafe.

Lile la getini lilikuwa limezungushwa kwenye nguzo na kwenye ubavu wa geti, kisha likapigwa fundo gumu, la mtu aliyedhamiria. Komeo la geti lenyewe lilikuwa limekatika tangu masika. Kaka yangu alikuwa ameahidi kulishughulikia.

Mama alitokea kwa ndani, bado amevaa kitenge cha kwendea kanisani. "Usiliguse," aliniambia. "Pita nyuma."

Kupita nyuma maana yake ni kuzunguka shambani kwa jirani wa juu, kuvuka mfereji, na kujipenyeza kwenye ua wa masale nyuma ya banda la ng'ombe. Nilijipenyeza. Nina umri wa kuitwa bibi na watoto wa watu, na nilijipenyeza.

Mama alinieleza kwamba tangu asubuhi alikuwa na akina mama wenzake wakisafisha kanisa. Aliporudi alikuta mambo mawili. La kwanza lilikuwa beberu wa Krismasi, ambaye kaka alimwagiza kwa simu kutoka mnadani Sanya Juu. Alikuwa ameshaletwa, amefungwa kwenye mgomba, anakula. La pili lilikuwa isale. Kwa hiyo tulikuwa na mbuzi na tulikuwa na msamaha, kilichokosekana ni mkosaji.

"Nimelipokea," alisema Mama. "Lakini siwezi kulifungua mpaka nijue ninamsamehe nani. Na sichinji mnyama wakati neno la mtu linaning'inia getini kwangu."

"Mama, Krismasi imebaki siku tatu."

"Itafika tu. Haipiti getini."

Alisema hivyo akimenya ndizi, kwa utulivu mkubwa, lakini kila baada ya ndizi mbili alikuwa anainua kichwa na kuangalia ng'ambo ya ua. Nilijua anamwangalia nani.

Ng'ambo ile anakaa baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu Baba. Yeye na Mama walikuwa hawasemeshani tangu Krismasi ya kwanza baada ya Baba kufariki. Katika ukoo wetu nyama ya Krismasi hugawanywa kwa utaratibu na kila kipande kina mwenyewe. Kidari ni cha mama mwenye nyumba. Mwaka ule baba mdogo ndiye aliyeshika kisu, kwa kuwa ndiye mwanamume mkubwa aliyebaki, na alipofika kwenye kidari alikikata akamwekea mchungaji mgeni aliyekaa karibu naye. Labda alisahau. Labda alimwonea haya mgeni. Mama yeye alichoelewa ni kwamba mume wake amekufa na yeye si mwenye nyumba tena. Mchungaji, ambaye hakujua lolote, alikila chote na kukisifu.

Tangu hapo wakawa wanaongea kupitia watu, na watu wakikosekana, kupitia ng'ombe. Walikuwa wanakutana kwenye mfereji, wao wawili tu, na Mama anamwambia ng'ombe wake, "Mwambie huyo atuachie maji." Baba mdogo naye anamjibu ng'ombe. Mimi nilikuwa nacheka, mpaka mke wa baba mdogo alipofariki. Mama alipika msibani siku zote. Alilala kule na wanawake wenzake, na marehemu alimwosha kwa mikono yake. Lakini kwa mfiwa mwenyewe hakufika. Hakumpa mkono wala kumwambia pole. Yeye ndiye aliyekosewa, hakuona njia ya kuanza, na baba mdogo alikuwa amekaa chini ya turubai anaangalia miguu yake, hakuanza pia.

Baadaye Mama aliligusa jambo hilo mara moja tu, tukiwa bandani tunakamua. "Sijampa pole shemeji yangu," alisema. "Nikifa kabla sijampa, nitasemaje huko?" Kisha akaniambia niache kumkamua ng'ombe kama ninafua soksi.

Kwa hiyo nilipomwona anaangalia ng'ambo ya ua nilijua anamwomba Mungu fundo lile liwe la nani. Hakulitaja jina, na mimi sikulitaja.

Jioni kaka yangu akafika na mke wake. Kaka anafanya kazi ya bima Dar, maana yake ni kwamba analipwa mshahara kwa kutowaamini watu walioibiwa. Alipoona geti alifurahi kuliko alivyofurahi kutuona sisi. Aliegesha gari barabarani, wakapita nyuma kama sisi wengine. Wifi yangu, mtu wa Tanga, alivuka mfereji kwa viatu vya kisigino akiwa amebeba keki. Keki ilifika salama. Kiatu kimoja kilikwenda na maji.

Uchunguzi ulianza kabla ya chai. Kaka alilipiga fundo picha pande zote, akazituma kwenye kundi la ukoo la simu. Ndugu yetu aliyeko nje ya nchi akajibu kwa alama ya mikono inayosali. Mjomba mmoja akaandika kwamba kwa desturi isale huletwa mkononi na mtu wa kati, halifungwi getini, kwa hiyo kuna kasoro. Mwingine akaandika kwamba zamani kulikuwa hakuna mageti. Wakabishana mpaka simu ya kaka ikazima. Mama aliposomewa alisema, "Mwenye haya hufunga getini," na hiyo ikawa desturi kuanzia saa ile.

Kisha kaka akatafuta lilipokatwa jani. Alilipata shina lake kwenye ua, karibu na barabara, mahali ambapo ni mpaka wetu na wa baba mdogo na ambapo kila mpita njia anafika. Kwa hiyo tulijua kwamba mkosaji ni mtu mwenye mikono. Mwisho akampigia simu dereva wa bodaboda aliyeleta mbuzi kutoka Sanya Juu.

"Ulimwona mtu yeyote pale getini?"

Dereva akasema hakuona mtu. Kaka akakata simu, akatutangazia kwamba mkosaji alikuja baada ya mbuzi. Aliridhika sana na hatua hiyo, akaomba chai nyingine.

Kesho yake habari ilikuwa imeenea mlima mzima, na hapo ndipo nilipojifunza jambo kuhusu majirani. Ukiwaambia watu kwamba kuna kosa linatafutwa na halijulikani, kila mmoja anarudi nyumbani kukagua yake.

Wa kwanza alikuwa jirani wa juu, yule ambaye tulikuwa tunapita shambani kwake. Alikuja na chupa ya maziwa. "Isale si langu, mama," alisema, "lakini wakati wa kiangazi ng'ombe wangu aliingia kwako akala migomba miwili, na mimi nikasema ni nyani."

"Nyani hawafiki huku," alisema Mama.

"Ndiyo maana sijalala vizuri."

Akasamehewa. Akafuata mzee wa kanisa anayesimamia kwaya ya akina mama. Naye alianza kwa kusema isale si lake. Ila alikuwa amekumbuka kwamba alipomhamisha Mama kutoka mstari wa mbele wa kwaya alimwambia ni kwa ajili ya urefu, na ukweli haukuwa urefu, ulikuwa sauti.

"Kwa hiyo nina sauti mbaya," alisema Mama.

"Si mbaya, mama. Ni kubwa."

Mama akamsamehe hapo hapo na kumwarifu kwamba siku ya Krismasi atasimama mbele. Mzee wa kanisa akaondoka akiwa na amani ya moyo na wasiwasi wa ibada.

Mchana ule wifi yangu naye akaomba kuongea. Alikaa kwenye kigoda mbele ya Mama na malapa yangu miguuni, akasema tangu aolewe hajawahi kupenda mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Kila Krismasi alikuwa anaumwagia mbwa kwa siri.

"Nilijua," alisema Mama. "Mbwa alikuwa ananenepa Januari."

Nilidhani Mama angefurahia mavuno haya. Maana ndugu wakipatana, wanasema, chukua kapu ukavune, na sisi tulikuwa tunavuna mpaka ambacho hatukupanda. Lakini kila aliyekuja na kusema "isale si langu" alimwacha Mama akiangalia ng'ambo ya ua zaidi. Kila mmoja alikuwa anamwongezea tumaini kwamba fundo ni la shemeji yake, na wakati huo huo anamwongezea hofu kwamba huenda si lake. Mimi nilikuwa nakasirika. Niliwakasirikia wote, na maziwa yao.

Wakati huo hakuna aliyechinja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yalikuwa yetu. Watu waliosafiri kutoka Dar kwa ajili ya nyama ya mbuzi walikula maharage wakimwangalia mbuzi, na mbuzi alikuwa anawaangalia wao.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nilitoka barabarani kutoa mkaa kwenye gari langu. Pikipiki ikapita, ikapunguza mwendo, ikarudi. Alikuwa yule dereva wa bodaboda, mtu mzima, mwenyeji wa Singida, amepakia beberu mwingine wa watu ndani ya gunia, kichwa tu nje.

"Dada, habari za sikukuu? Bado hamjapata hata waya?" Alikuwa anaangalia geti. "Hilo jani nililofunga mimi ni la kumzuia mbuzi tu. Halidumu hilo, mtafuteni fundi."

Niliweka mkaa chini. "Ulifunga wewe?"

"Komeo bovu, nyumbani hakuna mtu. Ningeondoka ningeacha geti wazi, mbuzi akikata kamba nani angelaumiwa? Nikakata jani hapo uani. Yana nguvu, kama katani." Akaniangalia usoni. "Kwani yana wenyewe?"

"Kaka yangu si alikupigia simu akakuuliza?"

"Aliniuliza kama nilimwona mtu. Sikumwona mtu. Nilikuwa peke yangu."

Nilimwomba asimwambie yeyote. Akaniuliza kama amekosea, nikamwambia hapana, amefanya vizuri kufunga, Mungu ambariki. Akaondoka taratibu, na yule beberu akaendelea kuniangalia mpaka kona.

Nilibaki barabarani na gunia langu. Nilitaka kumkasirikia kaka kwa sababu ya komeo, na nilimkasirikia kidogo, lakini hasira haikukaa. Nilisikia uchungu tu. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri kusameheana na kamba ya mbuzi.

Nilijipenyeza uani nikiwa nimeamua kumwambia. Nilimkuta ameshaoga. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha Krismasi, siku moja kabla, na alikuwa anajifunga kilemba. Kaka alikuwa amekaa mbele yake kama wakili.

"Wote wamekuja," Mama aliniambia. "Wa juu amekuja, mzee wa kanisa amekuja, mkwe wangu amesema yake. Kila mmoja ameungama na kila mmoja amesema isale si lake. Amebaki mmoja."

"Ukishawaondoa wengine wote, aliyebaki ndiye," alisema kaka. Nadhani ndivyo wanavyofanya kwenye bima.

"Nenda wewe," Mama aliniambia. "Mwambie nimelipokea. Mwambie aje alifungue mwenyewe."

Nilifungua mdomo. Kilemba kilikuwa kimekaa vibaya, akakifungua, akakifunga tena, kikakaa vibaya vile vile. Nikafunga mdomo. Nikaenda.

Kutoka kwetu kwenda kwa baba mdogo ni migomba tu na ua mmoja, lakini siku ile nilitembea polepole mpaka kuku wakanipita. Baba mdogo ni mtu wa ukweli, tena ukweli mkavu. Akisikia amepokelewa isale ambalo hakulipeleka atasema "sikulipeleka," na hilo ndilo litakalorudi kwa Mama, na baada ya hapo hata ng'ombe hatapewa salamu. Niliona heri nimweleze yote, habari ya komeo, mbuzi na mtu wa Singida, halafu nimwombe aje hivyo hivyo. Nilipanga na maneno. Kupanga maneno si kazi ngumu kwangu, huwa nawaambia wateja kwamba pazia lililopauka limetengenezwa hivyo.

Nilimkuta barazani anapiga viatu vyake rangi, kimoja amevaa, kimoja mkononi. Dirishani nyuma yake yalining'inia mapazia niliyowahi kumuuzia mke wake. Yalikuwa hayajashushwa kufuliwa tangu afe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Na wewe umekuja kuniuliza?"

"Kuuliza nini?"

"Kama isale ni langu. Watu wa kwaya wamekuja. Kaka yako amechungulia juu ya ua mara mbili, kama mwizi wa kuku."

"Mimi sikuja kuuliza. Mama amenituma. Anasema amelipokea."

Brashi ilisimama. Alikiangalia kile kiatu kwa muda, kama vile ndicho kilichoongea.

"Amelipokea?"

"Ndiyo."

"Amekuambia wewe, kwa mdomo wake? Hakumwambia ng'ombe?"

"Ameniambia mimi. Anasema uje ulifungue." Kisha nikavuta pumzi. "Lakini, baba mdogo, kuna jambo kuhusu lile isale..."

"Lina fundo?"

"Fundo lina, ila..."

"Basi ni langu."

Nilimwangalia. Alikuwa ameshakiweka kiatu chini, anakunja kitambaa cha rangi.

"Baba mdogo, mimi ninamjua aliye..."

"Mwanangu. Umetumwa kuleta neno, au umetumwa kutafuta shahidi?"

"Kuleta neno."

"Umeshaleta. Nipe hicho kiatu."

Nikampa.

Hakutaka kupita kwenye ua pamoja nami. Alisema mwenye isale hapenyi nyuma ya banda. Alizunguka kwa barabara, na koti lake la kanisani, na fimbo, na kwa umri wake ule mzunguko ulikuwa mrefu. Sisi tulikuwa tumeshajipanga kwa ndani, kaka, wifi, jirani wa juu ambaye alikuwa amekuja na maziwa mengine, na Mama mbele. Baba mdogo akafika, akaegemeza fimbo kwenye nguzo, akaanza kulifungua fundo.

Halikufunguka. Lilikuwa fundo la mtu anayewafunga mbuzi kwenye pikipiki na kupita nao kwenye matuta, na jua lilikuwa limelikausha. Baba mdogo alilivuta huku, akalisukuma kule. Alilizungusha. Ilikuwa wazi kwamba hajui lilianzia wapi. Kaka akaninong'oneza, "Mbona hajui fundo lake mwenyewe?" Nikamkanyaga mguu, na sikuuondoa mguu wangu kwa muda.

Mama alikuwa anaiangalia ile mikono. Aliiangalia inahangaika, kucha za mzee hazishiki jani, jasho linamtoka mwenye koti. Kisha akamnyoosha kaka mkono bila kugeuka, kaka akampa kisu cha kuchinjia, na Mama akakipitisha kati ya nondo za geti, mpini mbele.

"Kata," alisema.

Hakuniambia mimi, na ng'ombe alikuwa bandani. Baba mdogo akapokea kisu, akakata. Geti likafunguka lenyewe, kwa kuwa halikuwa na komeo.

Sijui Mama aliona nini pale. Sijamuuliza, na sitamuuliza.

Beberu alichinjwa mchana ule. Baba mdogo ndiye aliyegawa, na safari hii alianza na kidari kabla ya kipande kingine chochote. Kilipoiva alimpelekea Mama mwenyewe, sahani kwa mikono miwili, akapita katikati ya watoto na makreti ya soda, akaiweka kwenye mkeka mbele yake. Mama akasema kimeiva vizuri. Kwa kawaida watu wangepiga vigelegele hapo, na jirani wa juu alikuwa ameshafungua mdomo, lakini Mama hakuugusa mfupa wala nyama. Alijifuta mikono kwenye kanga, akainuka, akanyoosha mkono wake.

"Shemeji," alisema, "pole na msiba."

Wifi yangu akaninong'oneza kuniuliza ni msiba gani tena, na sikuweza kumjibu kwa sababu nilikuwa nalia.

Baba mdogo aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. "Aika," alisema, asante ya Kichaga, akairudia mara nyingi, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Aika, shemeji."

"Alikuwa mwenzangu," alisema Mama. "Nilimwosha, nikaondoka, wewe sikukuona."

"Ulipika," alisema baba mdogo. "Niliujua mkono wako. Walikuwa wanaleta sahani za watu wengi, na mimi nilikuwa najua ipi ni yako."

"Unaniambia nini. Hukuwa unakula." Mama alikuwa naye analia sasa, lakini sauti ilikuwa ile ile kubwa, ya kuhamishwa mstari wa mbele. "Kila sahani niliyokupakulia ilirudi kama ilivyokwenda. Nilikuwa nazipokea mimi jikoni. Nilikuwa naziona zote."

Mama akamvuta baba mdogo mpaka kwenye mkeka, akamkalisha, akasogeza ile sahani ya kidari kati yao wawili, na akakaa pale kumwangalia mpaka alipokula.